Popo bustanini: namna ya kuwaita wakusaidie kupunguza mbu

Mgeni akikaa barazani kwetu jioni hakawii kuuliza lile sanduku lililo juu ukutani ni mzinga wa nyuki au ni nini. Nikimwambia ni nyumba ya popo, maswali humiminika, na ni yaleyale. Hawanyonyi damu? Hawatamaliza maembe? Hawaleti maradhi? Na mbu kweli wanapungua? Nimeyajibu kwa mdomo miaka yote hii. Sasa nayaweka kwa maandishi pamoja na vipimo, ili ukitaka kuanza Jumamosi hii uanze.

Niko Tanga, nje kidogo ya mji. Vipimo na nyakati nilizoandika ni vya mwambao, penye joto na upepo wa chumvi, kuanzia Lamu mpaka Mtwara pamoja na visiwa. Kama uko kwenye baridi, Lushoto au Nairobi kwa mfano, nitakuambia wapi ubadilishe.

Kwanza tuelewane

Popo tunaowataka ni wale wadogo wanaokula wadudu. Wale wakubwa wenye uso kama wa mbwa, wanaogombania kungu na maembe usiku kucha, chakula chao ni matunda na maji ya maua. Hawana habari na mbu. Popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine kokote duniani, ni wa kundi hilo. Mabawa yake yakitandazwa hufika mita 1.6. Huyo hatakuja kulala kwenye sanduku lako, na sanduku lako halitamwongeza wala kumpunguza. Wanaonyonya damu wako bara la Amerika tu, kuanzia Meksiko kwenda kusini.

Wanaoishi karibu na watu huku kwetu, na wanaotufaa kwa kazi hii, ni hasa wawili. Kuna popo wa dari: mdogo, wa kahawia, mkia wake umechomoza nje ya utando kama wa panya. Ndiye unayemsikia akikwaruza chini ya bati mchana wa joto. Halafu kuna popo wa migomba, kanyama kenye uzito wa gramu 3 au 4, kanakolala ndani ya jani changa la mgomba kabla halijafunguka. Wa kwanza utamjengea. Wa pili utampandia.

Na kuhusu mbu nitasema ukweli, maana nimeona watu wakivunjika moyo kwa kuahidiwa makubwa. Ile hesabu ya mbu elfu moja kwa saa inayotembea midomoni mwa watu ilitokana na majaribio ya Marekani ya mwaka 1960, ambapo popo walifungiwa ndani ya chumba chenye wadudu wadogo tele. Nje, popo anakula anachokutana nacho: nondo, mbawakawa, kumbikumbi, na mbu wakiwamo. Jaribio la mwaka 2009, nalo la Marekani, lilikuwa karibu zaidi na hali halisi: popo waliporuhusiwa kuwinda ndani ya vizimba vya wavu, mayai ya mbu aina ya Culex yalipungua kwa asilimia 32. Hiyo ni nafuu ya kweli, lakini si dawa. Mbu wa malaria anakufuata chumbani usiku wa manane, na popo haingii chumbani kumfukuza. Mbu wa dengue, aliyeisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anauma mchana popo wakiwa wamelala. Kwa hiyo chandarua chenye dawa kinabaki palepale kitandani. Asiyekubaliana na hilo asianze.

Vitu vya kuandaa

Kwa sanduku moja lenye vyumba viwili:

- Ubao wa nyuma, unene sentimita 2.5, kimo 75, upana 45. Kama hupati ubao mpana hivyo, unga mbao mbili.
- Ubao wa kati, unene usiozidi sentimita 1.2, kimo 60, upana 45. Plaiwudi ngumu inafaa.
- Ubao wa mbele vipande viwili, vyote upana 45: kimoja kimo 45, kingine kimo 14.
- Fito za ubavuni 4, kila moja urefu sentimita 60, na fito za juu 2, urefu sentimita 40. Zote ziwe na upana wa sentimita 2.5 na unene wa sentimita 2 kamili. Huo unene ndio nafasi ya popo, usiukosee.
- Ubao wa paa, sentimita 55 kwa 25, na kipande cha bati cha kuufunika.
- Skrubu za inchi moja na nusu, gundi ya silikoni, rangi ya maji ya nje, msumeno, drili, tepu ya kupimia.
- Ngazi imara na mtu wa kuishika.
- Glovu nene na barakoa. Hizi weka kando, utazihitaji baadaye.

Mbao iwe kavu na isiyopakwa dawa. Huku kwetu mtiki wa Longuza, Muheza, ndio bora kwa sababu mchwa hawaupendi, na vipande vilivyobaki karakana za seremala huuzwa kwa bei ndogo. Mvule na mninga navyo vinadumu, ila ni ghali kwa kazi hii. Paini ni nafuu, lakini uliza vizuri kabla ya kulipa: ikiwa na rangi ya kijani-kijani, imetiwa dawa. Mimi niliwahi kuuziwa iliyotiwa dawa nikihakikishiwa kuwa ni safi, na nikagundua nilipoanza kuipasua, harufu ikapanda puani. Sikuitumia.

Na oili chafu isiguse sanduku hili. Najua ndiyo dawa yetu ya mchwa ya kila siku. Popo anajibandika tumbo na mdomo kwenye mbao, halafu anajilamba manyoya. Atakufa, au atakimbia asirudi.

Kazi yenyewe

1. Ondoa mazalia ya mbu. Usianze na sanduku, anza na maji. Mbu anahitaji siku saba mpaka kumi na nne hivi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo ukizunguka uwanja wako kila wiki, siku ileile, unamkata kabla hajaota mabawa. Chukua fimbo na ndoo, uzunguke taratibu. Vifuu vya nazi ndivyo vinavyotuponza sisi watu wa pwani: kimoja kilichotupwa nyuma ya jiko baada ya kukunwa kinashika maji ya mvua moja na kulea viluwiluwi kwa makumi. Vigeuze kifudifudi au vitumie kuwashia moto. Angalia matairi, sahani chini ya vyungu vya maua, mifereji ya paa iliyozibwa na majani, mfuniko wa tangi uliopinda. Karo la maji machafu na shimo la choo ndiko kwa Culex, yule anayeeneza matende na mabusha; ziba nyufa kwa saruji na ufunike bomba la kutolea hewa kwa wavu wa mbu.

Popo nao wanahitaji maji, wanayateka wakiwa wanaruka. Ukiwa na kidimbwi kilicho wazi juu, tia perege wadogo wale viluwiluwi. Kama huna samaki, usichimbe kidimbwi.

2. Hakikisha popo wapo. Sanduku haliumbi popo, linawapa makazi waliopo. Kaa nje jioni tatu mfululizo, tangu jua linapozama mpaka giza liingie kabisa, kwetu ni kama saa kumi na mbili na robo hadi saa moja na robo. Tazama anga penye mwanga wa mwisho upande wa magharibi. Mbayuwayu na teleka wanaruka kwa mistari mirefu, halafu hutoweka. Anayefuata nyuma yao akikatakata kona kama karatasi kwenye upepo ndiye popo. Ukiona hata watatu, endelea.

Watu huniuliza kama wanaweza kwenda mapango ya Amboni wakakamata wachache wawaweke ndani. Usifanye hivyo. Popo aliyehamishwa hurudi kwao au hufa, wewe utang'atwa, na utakuwa umeharibu makazi ambayo hayajengeki tena.

3. Chagua mahali. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Mwaka 1929 tajiri mmoja wa Florida, Marekani, alijenga mnara mrefu wa mbao kisiwani Sugarloaf Key ili popo wamalize mbu wa hoteli yake. Popo hawakuja kamwe. Mnara ulisimama mtupu mpaka kimbunga kilipouangusha mwaka 2017.

Mimi sanduku langu la kwanza nililitundika mwembeni, nikiona mti ndio kwao. Miezi minane, hata mmoja. Baadaye nikaelewa: popo wa dari haruki kutoka alipo, anajidondosha kwanza, anaanguka kama jiwe mita mbili hivi, ndipo mabawa yanaposhika upepo. Chini ya sanduku langu kulikuwa na tawi. Juu yake paka alikuwa akilala. Nililihamishia ukutani, popo wa kwanza akaingia mwezi wa tatu.

Kwa hiyo: ukuta wa nyumba au nguzo ya chuma, si mti. Urefu kutoka ardhini mita 4 hadi 5. Chini pawe wazi kabisa, na matawi yawe mbali, mita 6 ikiwezekana. Upande wa mashariki au kaskazini-mashariki ndio mzuri mwambaoni: unapata jua la asubuhi, unakwepa la alasiri ambalo hupika, na mvua ya kusi hailipigi usoni. Kwenye miinuko ya baridi tafuta ukuta wenye jua kwa saa nyingi.

Usiliweke juu ya mlango, dirisha la chumba cha kulala, kisima, banda la kuku, wala juu ya paa linalovuna maji ya kunywa. Kinyesi kitaanguka, hilo halina mjadala. Na popo huwa na wadudu wao wa jamii ya kunguni. Wakiwa mbali na dirisha lako hawakuhusu.

Kabla ya kuchimba tundu la kwanza, ongea na majirani. Huku kwetu, na Unguja na Pemba zaidi, neno popo linaamsha habari za popobawa, na waliokuwepo mwaka 1995 wanakumbuka watu walivyokesha nje kwa hofu. Usimcheke mzee anayekuuliza. Mweleze kwamba hawa ni wanyama wadogo kuliko kiganja, mwite jioni aje awaone wakitoka. Jirani akiogopa sana, atapiga sanduku mawe usiku na kazi yako itaishia hapo.

4. Kwaruza mbao kabla ya kuunga. Popo ananing'inia kwa kucha. Ubao uliopigwa randa kwake ni kama kioo. Chukua msumeno, ubao wa nyuma ulaze, uchore mikwaruzo ya kulala kutoka upande mmoja hadi wa pili, kina milimita moja tu, nafasi sentimita moja kati ya mmoja na mwingine, kuanzia juu hadi chini kabisa. Rudia kwenye ubao wa kati pande zote mbili, na upande wa ndani wa mbao za mbele. Ni kazi ya kuchosha, mikwaruzo zaidi ya mia mbili, na fundi wengi huiruka. Pitisha kucha za vidole vyako juu ya ubao: zikikwama kila sentimita, umefanya sawa.

Usibandike wavu wa chuma wala wa plastiki badala ya mikwaruzo. Unararua utando wa mabawa.

Toboa pia ubao wa kati matundu mawili ya upana wa sentimita 3, ili waweze kuhama chumba hadi chumba joto linapobadilika bila kutoka nje.

5. Unga. Laza ubao wa nyuma. Weka fito mbili za ubavuni kwenye kingo zake, zikianzia juu, na fito fupi juu kati yao. Pitisha silikoni, funga skrubu. Juu yake ubao wa kati, ukingo wa juu ulingane na wa nyuma. Rudia fito tatu. Kisha ubao wa mbele: kipande kirefu juu, kifupi chini, ukiacha ufa wa sentimita 1 kati yao. Ufa huo ni wa hewa, mwambaoni usiusahau. Chini kote pabaki wazi, ndipo mlango. Utaona ubao wa nyuma umezidi kwa sentimita 15 kwenda chini: hapo ndipo popo anatua kabla ya kupanda ndani.

Pima nafasi ya kila chumba kwa rula. Sentimita 2 ni sawa, 2.5 ndio mwisho. Fundi wangu alizoea mizinga, akaniachia sentimita 5 akidhani ananifanyia hisani. Popo anataka mgongo na tumbo viguse mbao. Nafasi kubwa huingiza mijusi, nyigu na upepo.

Skrubu isichomoze ndani hata kidogo. Ingiza kijiti chembamba upapase.

Funga paa, lizidi mbele na pembeni, ulivalishe bati. Ziba kila mwanga unaopenya juu: ukiinua sanduku juani ukachungulia kutoka chini, sehemu ya juu iwe giza tupu.

6. Paka rangi nje tu. Mikono miwili ya rangi ya maji, nyeupe au maziwa kwa mwambao. Kwenye baridi tumia kahawia iliyoiva. Ndani usipake kitu. Liache kivulini wiki nzima harufu iishe.

7. Pandisha. Fanya asubuhi, ardhi ikiwa kavu. Skrubu ndefu na plagi zake za ukutani, nne, pembe nne. Ukuta wa matumbawe hubomoka-bomoka, toboa kwenye jiwe lenyewe na si kwenye chokaa. Kama ni nguzo, bomba la chuma lizame ardhini mita moja na limwagiwe zege. Vuta sanduku kwa uzito wako kabla hujashuka: likicheza-cheza kwenye upepo, popo hawakai.

8. Panda migomba, na iache. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kama huna fedha ya sanduku anzia hapa. Popo wa migomba hulala kwenye jani changa lililosokotwa kama bomba, likisimama wima katikati ya shina. Tatizo ni kwamba jani hufunguka ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo anahama kila mara. Mgomba mmoja haumsaidii. Panda kichaka cha migomba sita au zaidi ya umri tofauti, ili kila siku pawe na jani moja lililofungwa.

Ukitaka kumwona, pita asubuhi, simama chini ya jani lililosokotwa lenye mdomo mpana kiasi cha kuingia kidole gumba, utazame bila kugusa. Niliwahi kuwaona wawili wamepangana kama maharage kwenye ganda, vichwa juu, tumbo limegandana na ukuta laini wa jani. Kwenye kidole gumba ana kijinyama kinachomshikisha pasipo na pa kushika. Ukilitikisa jani watatoka mchana, kunguru watawala.

Maungio ya majani ya migomba na magimbi hushika maji kidogo na mbu wa mchana hutaga humo. Usiweke kichaka hicho chini ya dirisha.

Ongeza maua ya usiku yanayoita nondo: yasmini, langilangi, na mpapai, ambao nondo wakubwa ndio huuchavushia maua.

9. Zima taa, acha dawa. Mwanga mkali mweupe kwenye mlango wa sanduku huwazuia kutoka. Taa ya nje iwe upande wa pili wa nyumba, hafifu, ielekee chini. Usipulizie bustani dawa ya wadudu: unaua chakula chao, na wanaomeza wadudu waliopuliziwa wanakusanya sumu mwilini.

10. Subiri, uhesabu. Popo wanaweza kuja baada ya wiki, au baada ya mwaka na nusu. Usipande kuchungulia kila siku. Angalia chini: kinyesi kikavu cha popo ni kidogo kama punje ya mchele, na ukikibonyeza kwa kijiti kinavunjika kuwa unga unaometameta vipande vya mabawa ya wadudu. Cha panya ni kigumu, hakivunjiki hivyo. Cha mjusi kafiri kina ncha nyeupe.

Wakishaingia, kaa jioni uhesabu wanaodondoka. Kwangu huanza dakika chache baada ya adhana ya magharibi. Kwanza mlio mwembamba kama wa ngozi kavu ikisuguliwa, kisha pua moja kwenye ukingo wa ubao, kimya, halafu tone jeusi linaanguka, linapinda karibu na ua, linapotelea juu ya minazi. Jioni ya kwanza walikuwa wanne. Sasa hupita arobaini.

Usalama, soma mara mbili

Usimshike popo kwa mkono mtupu, mzima au mfu. Popo wanaweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2009 vya aina mpya vilipatikana kwa popo aliyekutwa amekufa pangoni pwani ya Kenya, vikaitwa vya Shimoni. Ukikwaruzwa au kung'atwa, hata kama ni alama ndogo kama ya sindano, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na siku hiyohiyo nenda hospitali ueleze kuwa ni popo, uombe chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa ukishaanza hauna tiba. Wafundishe watoto sentensi moja: *popo akiwa chini, muite mkubwa*.

Kinyesi kikavu kinaweza kuwa na vimelea vya kuvu vinavyoshambulia mapafu vumbi likivutwa. Usifagie kikiwa kikavu. Vaa barakoa na glovu, nyunyizia maji kilowe, kichote kwa koleo. Changanya kwenye mboji, funika kwa udongo. Baada ya miezi michache ni samadi nzito. Kwenye mchicha tia kidogo tu, ikizidi inaunguza.

Yakienda mrama

*Mwaka umepita, hakuna aliyeingia.* Pima nafasi ya vyumba. Angalia kama kuna tawi au waya chini. Kisha lihamishie ukuta mwingine kabla ya kutengeneza sanduku jingine. Mara nyingi kosa ni mahali.

*Wameingia, halafu mchana wananing'inia nje kwenye ubao wa kutulia.* Joto limewazidi, hasa wakati wa kaskazi. Paka rangi nyeupe upya, panua paa, au funga kipande cha makuti juu kwa kivuli. Fanya usiku wakiwa wametoka.

*Nyigu wamejenga ndani.* Usipulize dawa. Subiri usiku au asubuhi ya baridi, ung'oe kiota kwa mti mrefu. Kama ni nyuki, mwite mwenye mizinga.

*Paka anawavizia.* Paka akishajua saa yao ya kutoka, anakaa hapo kila jioni na wote watahama. Mfungie ndani kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, na uondoe kitu chochote anachoweza kupandia karibu na ukuta.

*Wameacha sanduku, wamehamia kwenye dari langu.* Mara nyingi walikuwa huko tangu mwanzo. Usizibe tundu mchana wakiwa ndani, watafia humo na harufu itakutoa nyumbani. Chagua kipupwe, Juni hadi Agosti, maana watoto wengi huzaliwa wadudu wakiwa wengi wakati wa mvua, na mtoto asiyeruka atabaki ndani. Ning'iniza kipande cha wavu laini mbele ya tundu, kimefungwa juu na pembeni, chini kiko wazi: anayetoka anateleza nje, anayerudi hapati mlango. Kiache wiki nzima, sikiliza mchana kama kuna sauti, kisha ziba kwa saruji. Sanduku liwe limeshawekwa karibu wiki kadhaa kabla.

*Mbu bado wapo.* Rudi hatua ya kwanza na fimbo na ndoo, na safari hii ingia mpaka kwa jirani ukiwa na ruhusa yake. Mara ya mwisho niliyosikia lalamiko hili tulikuta ngalawa kuukuu nyuma ya ua, imejaa maji ya masika hadi ukingoni.

*Popo ameanguka chini na haruki.* Popo wa dari hawezi kupaa kutoka sakafuni kirahisi, huenda ni mzima. Vaa glovu nene, mfunike kwa kitambaa, mtie kwenye boksi lenye matundu madogo, mahali pa kivuli. Magharibi ikifika, liweke boksi juu ya ukuta likiwa limelala ubavu na mdomo wazi, uondoke. Asubuhi kama bado yumo, hana nguvu tena. Akishakufa mfukie kwa koleo, kina cha mkono, mbali na mbwa.